Njiwa asiporudi Mutarule: tazama mawingu kwanza, dhoruba ya jua baadaye

Njiwa akipotea Mutarule, majibu huwa matatu: ameliwa na mwewe, ameibiwa na jirani, ama kuna mtu "ameifanya kitu". Siku hizi vijana wenye simu wameleta jibu la nne. Eti jua limetupa dhoruba, sumaku ya dunia imevurugika, na ndege wamesahau njia.

Majibu hayo manne hayana uzito sawa, na kuyapima si mchezo. Njiwa ni mali ndogo ya nyumba nyingi katika bonde la Ruzizi. Ndege wawili wanazaa wawili, hao wanazaa wengine, na siku ya shida kuna cha kupeleka sokoni. Na neno "ameibiwa", likisemwa kati ya majirani wawili mahali ambapo watu wameshaumizana vya kutosha, linaweza kufika mbali kuliko bei ya ndege. Kwa hiyo ni vizuri kujua namna gani njiwa anarudi kwao, na nini hasa kinamzuia.

Anarudi, haendi

Jambo la kwanza linalochanganya watu ni hili: njiwa hapeleki barua popote anapotumwa. Anarudi kwao tu. Mwaka 1870, mji wa Paris ulipozungukwa na jeshi la Prussia, wakaaji waliwatoa njiwa wao mjini kwa baluni, wakawapeleka mbali, na huko ndiko barua zilifungwa kwenye ndege ili warudi nazo Paris. Safari ni ya upande mmoja. Njiwa wa kufugwa ametoka kwa njiwa-mwitu wa majabali, ambaye hutoka kutafuta chakula na kurudi kwenye tundu lile lile la mwamba. Watu waliikuta tabia hiyo tayari, wakaizidisha kwa kuchagua wazazi. Wabelgiji ndio waliofika mbali kabisa na mchezo huo: mwezi wa 11 mwaka 2020 njike mmoja wa mashindano kutoka Ubelgiji, jina lake New Kim, aliuzwa euro milioni 1.6. Njiwa wa kijiji hana ukoo huo, na hawezi kurudi kutoka kilomita 1,000. Lakini mbinu anazozitumia kutoka Sange ni zile zile.

Ili kurudi, ndege anahitaji kujua mambo mawili: yuko wapi, na upande gani ni upande gani. Mwanasayansi Mjerumani Gustav Kramer alieleza jambo hili miaka ya 1950 kwa kusema ndege anahitaji ramani na dira, ile ambayo wengi wanaiita busole. Tuanze na dira, kwa sababu hali ya hewa inaigusa moja kwa moja.

Dira ya kwanza ni jua. Njiwa ana saa ndani ya mwili wake, na anajua kwamba saa fulani jua linakuwa upande fulani. Hili lilithibitishwa kwa hila. Njiwa waliwekwa siku kadhaa ndani ya chumba chenye taa, asubuhi na jioni zikabadilishwa, mpaka saa ya mwili wao ikahama kwa saa 6. Walipoachiwa siku ya jua, waliondoka kwa hakika kabisa, lakini kwa upande uliopotoka karibu digrii 90. Ni kama njiwa aachiwe Sange arudi kaskazini Mutarule, naye ashike njia ya Burundi au ya milimani, bila wasiwasi wowote.

Halafu wakaona kitu kingine. Njiwa hao hao waliodanganywa saa, wakiachiwa siku ya mawingu mazito, walikwenda sawa. Kumbe jua likifichwa wanashika dira nyingine.

Dira ya pili ndiyo sumaku ya dunia. Mwaka 1971 William Keeton wa chuo kikuu cha Cornell, Marekani, alitoa matokeo ya majaribio ambayo wafugaji wanapaswa kuyajua. Njiwa wengine walifungwa kipande cha sumaku, wengine kipande cha shaba cha uzito ule ule, ambacho hakina sumaku. Siku ya jua, wote walielekea nyumbani. Siku ya mawingu, wa shaba walielekea nyumbani, wa sumaku wakatawanyika kila upande. Miaka mitatu baadaye Charles Walcott na Robert Green waliwavisha njiwa kofia ndogo ya nyaya zenye umeme, wakageuza upande wa sumaku kichwani mwao. Siku ya mawingu, baadhi yao waliondoka kinyume kabisa na nyumbani.

Kwa hiyo wingu peke yake si lazima limpoteze njiwa aliyezoea. Linamwondolea dira moja, anabaki na nyingine. Hatari inakuja pale dira ya pili nayo ina shida, ama pale ndege ni mtoto ambaye bado hajajifunza kutumia zote mbili. Ni lipi kati ya viungo vya njiwa linaloshika sumaku? Hapo wanasayansi bado wanabishana. Kwa miaka mingi ilisemwa ni chembe za chuma ndani ya mdomo wa juu, mpaka mwaka 2012 watafiti wakaonyesha kwamba chembe zile ni za kinga ya mwili, zinakula mabaki ya chuma, wala si za kusikia sumaku. Wengine sasa wanatazama jicho, wengine sikio.

Jua la Mutarule si jua la Ubelgiji

Karibu majaribio yote haya yalifanywa Ulaya na Amerika, ambako jua la saa sita linakaa kusini mwaka mzima. Mutarule iko kama digrii 3 kusini ya Ikweta, na huku jua lina tabia nyingine. Kuanzia katikati ya mwezi wa tatu mpaka kuingia mwezi wa kumi, jua la saa sita linakuwa upande wa kaskazini. Miezi inayobaki linakuwa kusini. Na mara mbili kwa mwaka, kwenye siku za mpito huo, linasimama juu ya kichwa sawasawa. Nguzo ya banda inakosa kivuli.

Siku kama hizo, asubuhi nzima jua liko mashariki. Linapanda tu, halizunguki. Likishapita kichwani, muda mfupi baadaye liko magharibi. Saa sita yenyewe halionyeshi upande wowote, na ndege aliyeachiwa wakati huo ananyimwa dira yake ya kwanza hata kama hakuna wingu hata moja. Asubuhi ya saa mbili au saa tatu, jua likiwa bado chini, dira hiyo inasomeka vizuri. Wafugaji wengi hufungua asubuhi kwa sababu ya mwewe na joto. Wana sababu ya tatu.

Sumaku nayo ni tofauti. Kule Ubelgiji mistari ya sumaku ya dunia inazama ardhini kwa mwinamo wa digrii karibu 65. Mutarule iko ng'ambo nyingine ya Ikweta ya sumaku, mstari ambao katika Afrika Mashariki unapita karibu na Addis Ababa. Kwa hiyo mistari inainama upande wa pili, imelala zaidi, na nguvu yake ni karibu theluthi mbili tu ya ile ya Ubelgiji. Njiwa aliyezaliwa hapa anajifunza ya hapa, hilo si tatizo lake. Ni tatizo la mtu anayesoma mashauri ya wafugaji wa Ulaya na kuyachukua yote kama yalivyo.

Mvua ya Mitumba, upepo wa ziwa, moshi wa kiangazi

Sasa hali ya hewa yenyewe. Bonde la Ruzizi limebanwa: magharibi ukuta wa milima ya Mitumba, mashariki mto na milima ya Burundi, kusini Ziwa Tanganyika. Kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tano mvua inajengeka juu ya milima, mara nyingi mchana, kisha inashuka bondeni. Mashariki mwa Kongo ni moja ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi mara nyingi zaidi. Njiwa mwenye akili haingii ndani ya mvua kama hiyo. Anatua juu ya mti au bati la nyumba ya mtu, anangoja. Manyoya yake yana unga unaozuia maji kidogo, lakini mvua ikidumu analowa, anakuwa mzito, na ndege aliyelowa ni chakula cha mwewe, cha paka, na cha mtoto mwenye manati.

Ndege huyu hajapotea. Amesimama. Mara nyingi anafika kesho yake, au siku ya tatu. Mfugaji aliyeachia njiwa saa nane za mchana mwezi wa nne, mawingu yakiwa tayari yamekaa juu ya milima, asianze kumtazama jirani jioni hiyo hiyo.

Upepo unahesabika kwa urahisi. Bila upepo njiwa mzuri wa mashindano anaruka kilomita 60 mpaka 80 kwa saa. Upepo wa kilomita 30 ukimpiga usoni, safari inakaribia kuwa mara mbili. Bondeni, mchana, upepo hutoka ziwani ukipanda kaskazini, na kiangazi upepo wa kusini unakuwa na nguvu zaidi. Maana yake ndege aliyeachiwa Kiliba au Uvira arudi Mutarule mchana anasukumwa mgongoni. Aliyeachiwa Luvungi au Kamanyola anapambana nao, akiruka chini chini kukwepa nguvu yake, karibu na nyaya, miti na watu. Umbali kwenye barabara hauelezi kitu bila upepo.

Upepo una kazi nyingine ambayo watu hawaifikirii. Kuanzia mwaka 1972, Floriano Papi na wenzake wa chuo kikuu cha Pisa, Italia, walionyesha kwamba njiwa aliyezuiwa kunusa anashindwa kurudi kutoka mahali asipopajua. Maelezo yao ni kwamba ndege akiwa bandani anajifunza harufu gani inakuja na upepo gani. Mfano wa Mutarule ungekuwa hivi: upepo wa kusini unaleta harufu ya maji ya ziwa, wa magharibi unaleta ubaridi wa msitu wa juu. Akipelekwa mahali penye harufu nzito ya ziwa, anaelewa amepelekwa kusini, basi arudi kaskazini. Hiyo ndiyo ramani. Na njiwa waliolelewa kwenye mabanda yaliyozibwa upepo hawakuipata.

Hapo kuna funzo la pesa. Mtu anayenunua njiwa sokoni na kumfungia mwezi mzima ndani ya chumba cha giza "ili azoee" hamzoeshi kitu. Anamlisha tu. Ndege anatakiwa kukaa ndani ya tundu la nyavu au mianzi juu ya paa au juu ya banda, aone jua linatoka wapi na kuzama wapi, asikie upepo, aone barabara. Tena kama amenunuliwa akiwa mkubwa, ni afadhali abaki amefungiwa azae, kisha waachiwe watoto wake. Hao ndio watasema Mutarule ni kwao. Mzazi anaweza kukaa mwaka mzima na bado siku akifunguliwa akarudi kwa mwenye banda la kwanza. Huo si wizi wa aliyeuza, ingawa aliyeuza anapaswa kumrudisha.

Moshi wa kiangazi, miezi ya saba na ya nane nyasi zikichomwa, unaonekana kama ungekuwa adui mkubwa. Ajabu ni kwamba utafiti mmoja uliotolewa mwaka 2016 kuhusu mashindano ya njiwa kaskazini mwa China ulikuta kinyume: siku za hewa chafu njiwa walirudi haraka zaidi. Watafiti walifikiri labda harufu nyingi zinawasaidia kujua njia, au wanakimbia hewa mbaya. Hewa chafu ya mji si sawa na moto wa nyasi, na mtu asifungue banda makusudi wakati kilima kinawaka. Mwewe nao hukusanyika mbele ya moto kutafuta panzi na panya.

Na njiwa aliyeshazoea mahali hana haja ya hesabu zote hizi. Mwaka 2004 watafiti waliowafunga njiwa vifaa vidogo vya jipiesi, wengine karibu na Roma, wengine Oxford, waliona ndege wanafuata barabara kuu, wengine wakikata kona pale barabara inapokata, hata kama njia ya moja kwa moja ni fupi. Barabara ya taifa namba 5, inayoshuka bondeni kupitia Luvungi, Luberizi na Sange mpaka Uvira, ni mstari mzuri kuliko yote unaoonekana kutoka juu. Ndiyo maana mazoezi hufanywa kidogo kidogo juu ya mstari huo: kwanza Luberizi, baada ya siku chache Sange, kisha Kiliba, na Uvira mwisho.

Dhoruba ya jua ni kitu cha kweli

Vijana wenye simu hawasemi uongo. Jua hutupa mara kwa mara mawingu ya chembe zenye umeme, na yakifika duniani sumaku ya dunia inatikisika kwa saa kadhaa au siku mbili. Wataalamu wanapima mtikisiko huo kwa alama iitwayo Kp, kutoka 0 mpaka 9. Tarehe 10 na 11 mwezi wa 5 mwaka 2024 ilipiga dhoruba kubwa kuliko zote tangu 2003. Watu wa fonie wanaijua tabia ya jua bila kusoma Kp: kuna mchana ambapo mawimbi mafupi yanakufa ghafla, kunabaki mvumo tu. Mlipuko wa jua umepiga tabaka la juu la hewa linalorudisha mawimbi hayo. Redio ya FM haisumbuki, kwa sababu mawimbi yake hayapiti huko.

Je, njiwa wanasumbuka? Mwaka 1974 Keeton na wenzake walionyesha kwamba hata mtikisiko mdogo, wa chini ya nanotesla 100, unahamisha kidogo upande ambao njiwa wanaondoka nao. Kidogo. Ndege anaondoka akiwa amepinda digrii kadhaa, kisha jua, harufu na barabara vinamsahihisha. Tazama ukubwa wenyewe: nguvu ya sumaku ya dunia upande huu ni zaidi ya nanotesla 30,000, na dhoruba kubwa inaongeza au kupunguza mia kadhaa. Ni kama debe la unga lililopungua konzi moja.

Mwezi wa 6 mwaka 2021, maelfu ya njiwa wa mashindano walipotea Uingereza ndani ya siku moja, na wafugaji wengi wakalilaumu jua. Hakuna aliyethibitisha. Njiwa waliofungwa kwenye lori, wakaachiwa maelfu kwa pamoja mamia ya kilomita kutoka kwao, wako katika hali nyingine kabisa na ndege kumi waliofunguliwa Sange. Huko kosa la digrii chache mwanzoni linaweza kuwa kilomita nyingi mwishoni. Kutoka Sange ndege aliyepinda kidogo bado anaiona barabara.

Siku ambayo dhoruba ya jua inaweza kuwa na maana Mutarule ni ile inayokutana na mawingu mazito: dira ya jua imefichwa, ile ya sumaku inatikisika, na ndege ni mchanga. Hata hapo, mfugaji hana haja ya kutafuta Kp mtandaoni. Mawingu yenyewe yameshamwambia asifungue.

Kwao ni wapi

Kuna upande mmoja wa jambo hili ambao mashindano ya Ulaya hayaujui. Usiku wa tarehe 6 mwezi wa 6 mwaka 2014, watu zaidi ya 30 waliuawa Mutarule, na familia nyingi zikakimbia. Bonde limehama tena na tena, kabla ya hapo na baada ya hapo. Familia inayobeba njiwa wake ndani ya kitunga na kuwafungua pale ilipofikia itawaona wakizunguka mara mbili tatu, kisha kuondoka kuelekea nyumba iliyoachwa. Hawajaasi. Wamesoma jua na harufu, wamerudi kwao, na huko wanakuta banda halina mtu wala mahindi. Wengi wanaliwa, wengine wanahamia kwenye paa la kanisa, la shule au la jirani aliyebaki.

Jirani huyo naye anaingia matatani bila kosa. Njiwa wa mtu wanakula kwake, wanazaa kwake, na siku mwenyewe anarudi kuna mzozo. Wazee wanaosuluhisha mambo kama haya wangesaidiwa na jambo dogo: mfugaji aweke alama mguuni mwa kila ndege angali mtoto, pete ya plastiki au uzi wa rangi usiobana, na majirani waijue rangi hiyo. Mkubwa mwenye alama ni wa mwenye alama. Watoto waliozaliwa na kulishwa kwa jirani wagawanywe, maana wao kwao ni kwa jirani, na hata wakibebwa watarudi huko.

Njiwa mgeni akitua Mutarule jioni ya mvua, amelowa, hana nguvu ya kukimbia, mara nyingi ana pete mguuni na ametoka mbali. Anahitaji maji kwanza, kisha mahindi kidogo, na mahali pakavu ambapo paka hafiki. Asibebwe kupelekwa upande unaodhaniwa ni kwao. Asubuhi, mvua ikikatika na jua likipanda juu ya milima ya Burundi, awekwe juu ya banda mahali wazi. Atakaa kidogo akikausha mabawa, atazunguka, na ataondoka mwenyewe.